Nyuzi Nane Darini

Noeline Strang hakuwa mwongo. Tuelewane hapo kwanza, maana bondeni kwetu wapo waliomsema baadaye, na waliomsema ni walewale ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani hata usiku mmoja. Katika miaka yake sabini na moja alikuwa ameongopa mambo ya kawaida tu: bei ya viatu, na kwamba supu ya dada yake wa Invercargill ilikuwa tamu. Uongo huu mwingine ulimjia uzeeni, tena kwa sababu ya saa.

Saa yenyewe aliituma binti yao, Fenella, kutoka Perth. Ewart, mumewe Noeline, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili, wiki ileile ya kumaliza kuvuna matunda ya aprikoti shambani kwao. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa ganzi, uso ukakakamaa, maneno yakabaki machache, na kila moja lilitoka kwa taabu. Akawekwa sebuleni kwenye kitanda cha kukodi cha hospitali, chali, na kutoka pale alichokiona ni dari. Mtu aliyepambana na jalidi, ile baridi ya alfajiri inayogandisha maua mtini, kwa miaka hamsini na miwili, akizunguka na tochi kusoma vipimajoto vilivyotundikwa mitini, sasa alikuwa akihesabu mbao za dari! Ilimuuma. Hukuhitaji kuambiwa.

"Baba hataki maua wala vitabu vya kusikiliza," Fenella alisema kwenye simu. "Anataka kazi. Basi nimempatia kazi."

Boksi lilifika mwezi wa nane, kwetu wakati wa baridi, siku ambayo Sieni alikuwa zamu ya kumwogesha Ewart. Sieni alikuwa nesi wa wilaya, Msamoa, mwenye mabega ya mcheza raga na mdomo usiojua kupumzika. Ndani ya boksi mlikuwa na vitu viwili: saa ya mezani yenye kijishingo cha kumulika namba nyekundu juu darini, na kidude cheupe, ukubwa wa sabuni ya kuogea, cha kutundikwa nje ili kiirushie saa habari za baridi. Noeline akaitia saa betri, akabonyeza, akasubiri. Hakuna kitu.

"Mama, haraka haraka haina baraka," alisema Sieni, kijitabu cha maelekezo kikiwa kimemfika puani. "Hapa wameandika betri zianze kwa kidude cha nje, ndipo saa. Toa hizo, tuanze upya."

Wakaanza upya, kidude wakakiweka nje ya dirisha. Wakafunga mapazia. Namba zikatokea darini, nyekundu, kubwa kama viganja, lakini zimepinduka miguu juu.

"Aa, basi," Sieni akasema. "Mzee, itabidi tukupindue wewe. Saa imeshakataa."

Ewart akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa upande mmoja tu wa mdomo na kilitoka na mate, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu mwezi wa pili. Noeline akajifanya anatafuta miwani ili asionekane akilia. Sieni akazungusha kishingo, namba zikasimama sawasawa, na chini ya saa ikajitokeza namba nyingine: arobaini na sita.

"Nyuzi arobaini na sita! Mwezi wa nane! Kumbe tumekufa wote na wala si mbinguni tulikopelekwa."

"Wa... Wamarekani," Ewart akasema.

Ilikuwa kweli, saa ilikuwa ikipima kwa kipimo cha Wamarekani. Walipokipata kitufe chenyewe, kile kidogo cha nyuma ambacho hubonyezwa kwa ncha ya kalamu, namba ikashuka ikawa nane. Ewart aliitazama ile nane kama mtu anayeona sura ya ndugu yake.

"Shimoni," akaamuru.

Shimoni ndipo mahali pa chini kabisa pa shamba lao. Baridi hutiririka kama maji, hushuka mteremkoni usiku kucha na kutuama pale, na ndiyo sababu mkulima wa bondeni hupima shimoni, usawa wa vitumba vya maua, si barazani kama mtalii. Noeline akatembea na nyonga yake mbovu hadi kule, akakitundika kidude, akarudi. Darini palikuwa na vistari viwili vitupu. Kijitabu kilisema mita thelathini, na shimo lilikuwa mbali mara saba ya hapo.

Ewart aligeuzia ukuta uso. Walikula chakula cha mchana, yaani Noeline alikula, na kila kijiko cha supu ya boga alichompelekea mumewe kilirudi kama kilivyokwenda. Jioni ndipo Ewart alipofungua mdomo.

"Uzio. Kona ya pampu."

Hapo palikuwa hatua ishirini na tano tu kutoka dirishani, na pa chini kiasi. Kidude kikatundikwa uzioni, namba ikarudi darini, na Ewart akapiga hesabu yake: uzioni nyuzi mbili, shimoni sifuri. Akataka kengele ya baridi itegwe kwenye mbili. Noeline akabonyeza mpaka alama ndogo ya kengele ikawaka darini, kando ya namba.

"Mimi macho," akasema Ewart. "Wewe maji."

Noeline akakubali. Kwa jinsi macho ya mumewe yalivyokuwa yaking'aa, angekubali hata kuubeba Mto Clutha kwa ndoo.

Maji ndiyo silaha ya shamba lile. Vitumba vikianza kuganda, unafungua koki kuu, vinyunyizi vinarusha maji juu ya miti, maji yanaganda yakiwa yamevifunika vitumba, na ndani ya ile barafu vitumba vinabaki kwenye sifuri, havifi. Ajabu lakini kweli. Sharti ni moja: ukishafungua hufungi mpaka jua liyeyushe barafu, na kinyunyizi kikiziba unakizibua hapohapo kwa waya, la sivyo mti wake umekwenda. Usiku wa jalidi hakuna kumwita jirani. Kila mtu ana miti yake, na anayepiga simu saa kumi alfajiri kuomba msaada hatasahauliwa kwa hilo hadi kaburini.

Kengele ililia mara ya kwanza tarehe kumi na tisa mwezi wa tisa, maua yakiwa yamefunguka yote. Noeline akavaa koti la mpira, akawasha pampu, akaizungusha koki kwa mikono miwili. Maji yakaruka. Kinyunyizi cha nne katika mstari wa sita kikaziba. Akaenda na waya wake, akakizibua, akageuka, na mguu ukateleza kwenye barafu iliyokwisha kuanza kutanda chini. Akaanguka ubavu, kwenye ile nyonga.

Hakuweza kuinuka. Maji yalikuwa yakimnyeshea na kugandia juu yake, koti likaganda likawa gumu kama gome, na kila alipojaribu kupiga kelele alikumbuka kwamba pampu ina kelele kuliko yeye. Akamwaza Ewart mle ndani. Nikifa hapa, atakufa pale, na atakayetukuta ni Sieni Jumatatu. Ndivyo alivyowaza, kwa maneno hayohayo. Mwishowe akatambaa kwa viwiko hadi kwenye mti, akaukumbatia, akajivuta juu.

Aliingia ndani akitetemeka, akavua koti mlangoni ili barafu isionekane.

"Vinyunyizi vimeziba viwili vitatu," akasema. "Ndiyo maana nimechelewa."

Ewart alikuwa akitazama dari. "Sawa," akasema. Uso wake haukuonyesha kitu, lakini uso wake haukuwa ukionyesha kitu tangu mwezi wa pili. Noeline akashukuru Mungu kwamba amemwamini.

Mchana huo alikaa jikoni na kipande cha mkate asichokila, na akaona wazi kwamba hawezi tena. Hata mara moja. Na angemwambiaje? Mtu amepewa kazi moja iliyobaki duniani, unamwambia kazi yake inaniua? Akaenda uzioni, akakitungua kile kidude, akakipeleka kwenye banda la kuku nyuma ya jiko. Banda lenyewe Ewart ndiye aliyelijenga, dogo, kuta zake zimejazwa sufu ya kondoo, na kuku kumi na mmoja wakijipanga mle hawasikii baridi hata kidogo. Akakitundika juu ya fito wanazolalia. Kuku wakamtazama kwa jicho moja moja.

"Nyamazeni," akawaambia.

Usiku ule darini paliandikwa nane. Usiku uliofuata, nane. Kengele haikulia. Noeline alilala usingizi wa kifo, na alipoamka aliona aibu kwa jinsi alivyolala vizuri.

Jalidi ilikuja siku tatu mfululizo. Alfajiri ya pili feni za Lachie zilinguruma bonde zima. Lachie Purdue ni jirani wa upande wa barabara, ana minara minne yenye mapanga ya kuvuruga hewa baridi, na zikiwaka hata aliyezikwa anajua kuna baridi.

"Lachie anawasha," Ewart akasema.

"Ah, Lachie naye! Yuko chini zaidi yetu," Noeline akajibu, akikunja shuka. "Huku kwetu nane, si unaona mwenyewe?"

Shamba la Lachie liko juu ya lile la Strang. Mtoto wa shule anajua hilo. Noeline alilisikia lile neno likimtoka, akangoja aumbuliwe.

"Labda," Ewart akasema.

Siku ya nne Lachie mwenyewe alikuja, macho mekundu kwa kukesha, na hakugonga hata mlango.

"Mama Noeline! Hivi pampu mmeiuza? Nimepita barabarani, miti yenu mikavu!"

Noeline akamshika mkono, akamburuta hadi mlangoni pa banda la kuku. "Punguza sauti. Anasikia."

"Asikie nini? Ewart ndiye angekuwa wa kwanza..." Macho ya Lachie yakatua kwenye kile kidude ndani ya banda, kimetapakaa vumbi la manyoya. Akakinyooshea kidole. "Usiniambie."

"Ndivyo."

"Unamdanganya Ewart Strang kuhusu jalidi? Mama, bora umdanganye mchungaji kuhusu dhambi."

"Nilianguka, Lachie. Nilianguka kule kwenye maji."

Lachie akavua kofia. "Ungeniita."

"Una feni nne na mashamba matatu. Wewe ungeniita mimi?"

Jibu alilijua, akairudisha kofia kichwani. Wakashuka pamoja mpaka mstari wa sita. Lachie akachuma ua, akalipasua kwa ukucha, akatazama moyo wake. Mweusi, baridi imeuua. La pili jeusi. Akapanda mpaka kwenye mawe, juu kabisa, ambako hakujawahi kufa kitu, akachuma mengine kumi akiyapasua na kuyatupa, akarudi akipangusa mikono kwenye suruali.

"Pole, mama," akasema, akaenda zake.

Noeline alibaki peke yake kati ya miti. Maua bado yalikuwa meupe, mazuri, yamejaa matawi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba ukiyatazama kwa mbali ungedhani yote yako salama.

Alipoingia ndani, Ewart alikuwa akimsubiri.

"Niletee tawi."

"Tawi la nini tena?"

"Tawi, Noeline."

Noeline akageukia mlango. Akachukua mkasi, akatoka, na miguu yake haikwenda shambani. Ilikwenda pembeni mwa nyumba, kwenye mti mmoja ulioegemea bomba la moshi la jiko, unaolala na joto la matofali usiku kucha. Akakata tawi lenye maua sita. Akamwekea mumewe kifuani.

Ewart alilishika kwa mkono wake mzima wa kushoto. Alichuma ua moja kwa kidole gumba, akalipasua kwa ukucha, polepole, akalinyanyua karibu na jicho. Kijani. Akapasua jingine. Kijani. Akalisogeza tawi puani akanusa, kisha akapapasa gome lake kwa muda mrefu. Noeline alisimama pale na mkasi mkononi.

"Zuri," Ewart akasema.

"Si nilikwambia?"

"Huu ni mti wa mama."

Ni kweli. Ule mti wa bombani ulipandwa na mama yake Ewart mwaka aliozaliwa yeye, aina ya zamani ambayo haipo kwingine shambani. Mtu aliyekata matawi yake miaka sitini, unamletea kipande ukidhani hataujua? Noeline akaweka mkasi chini, akakaa kwenye kiti.

"Umejua," akasema.

"Zamani."

"Tangu lini?"

Ewart akapumua, akakusanya maneno yake. "Jioni ya kwanza. Jua linazama. Joto... linapanda." Akainua kidole kuelekea dari. "Nne. Sita. Nane. Nje gani hiyo? Asubuhi unawafungulia. Inashuka." Upande mmoja wa mdomo ukasogea. "Kuku."

Jamani! Kumbe siku zote hizo alikuwa akisoma darini kuku wanavyoingia kulala na wanavyotoka, wazi kama gazeti, na hakusema. Noeline alihisi uso unamuwaka moto. Kwanza ilikuwa aibu, kisha ikawa hasira.

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Siku tatu! Ungesema neno moja ningefungua maji. Ningekwenda, unajua ningekwenda!"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Ewart akayatafuta maneno. Yalipokuja yalikuja moja moja, na jicho lake la kulia, lile lisilofumba vizuri, likawa linachuruzika.

"Uliposema vinyunyizi. Nilikuwa hapa. Naangalia. Ukatoka ni mbili. Ikawa moja. Sifuri. Hasi moja. Hasi mbili. Na wewe huji." Akameza mate. "Dakika arobaini na tatu. Nikaita. Haikutoka sauti. Najua maji yale, Noeline. Najua hasi mbili inafanya nini kwa mtu. Nikasema... tayari. Amekufa. Na mimi nasoma namba."

Noeline alijifunika uso kwa mikono. Alikuwa amefikiri kuwa dakika zile zilikuwa zake peke yake.

"Halafu nane," Ewart akasema. "Nikasema asante. Alale."

Hapo ndipo Noeline alipolia, si kwa adabu tena, alilia kwa sauti kama alivyolia siku ya mazishi ya mama yake, na Ewart alimtazama bila kuweza kumfikia. Tawi lilikuwa bado kifuani pake. Kwa kitambo chumba kizima kilikuwa ni kilio hicho tu.

"Yamekufa yote?" Ewart akauliza baadaye.

"Yote."

"Hata ya kwenye mawe?"

"Lachie amepanda mwenyewe. Hata hayo."

Akatikisa kichwa kidogo. Miaka hamsini na miwili alivuna, hata mwaka ule wa tisini ambao bonde zima lilirudi mikono mitupu. Mavuno ya hamsini na tatu aliyatoa mwenyewe, kwa kunyamaza. Hakuna ambaye angemwambia hongera, na kweli hapakuwa na la kupongeza. Miti isiyozaa mwaka mmoja inaweza kuzaa mwingine, lakini wote wawili walijua kwamba mwakani hakutakuwa na mtu wa kuifungulia maji.

"Lachie ana trekta," akasema Ewart. "Aing'oe miti. Huu wa mama aache."

"Tutaongea kesho."

"Hapana. Mwambie."

Jioni iliingia. Noeline alitoka kuwafungia kuku, akawahesabu kumi na mmoja, akasimama kidogo akikitazama kile kidude cheupe kinavyopepesa kitaa chake gizani. Akanyoosha mkono akitungue, kisha akauacha mkono ushuke. Aliporudi sebuleni hakuwasha taa. Darini palikuwa na sita, kisha saba.

Alivua viatu, akapanda kwenye kile kitanda chembamba cha hospitali, jambo ambalo Sieni alikuwa amelikataza, akajibana ubavuni mwa mumewe, upande wenye uhai. Wakatazama juu pamoja.

"Nane," akasema Noeline.

"Wameingia wote."

Kule upande wa barabara feni za Lachie zikaanza, mapema kuliko jana. Noeline akahisi mwili wa mumewe ukishtuka, ule upande mmoja, kama anavyoshtuka mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kisha ukalegea.

"Zima kengele," Ewart akasema.

Noeline akapapasa mezani mpaka akakipata kitufe. Ile alama ndogo ya kengele, iliyokuwa ikiwaka pembeni mwa namba tangu siku ile waliyocheka na Sieni, ikatoweka. Ewart aliendelea kutazama mahali ilipokuwa, na feni ziliponguruma usiku kucha hakuuliza tena ni nyuzi ngapi.